Kina cha Upepo

Liko swali ambalo limenisumbua kwa miaka mingi, na naamini limewahi kumsumbua kila mtu aliyekaa barazani akasikia wenziwe wakimzungumza asiyekuwapo. Swali lenyewe ni hili: ni wakati gani tuna haki ya kusema kwamba tunaijua ya ndani, ilhali tulichokiona ni cha nje tu?

Lugha yetu, kama ilivyo desturi yake, imetupa majibu mawili yanayopingana. Upande mmoja tunaambiwa kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na kwamba pafukapo moshi hapakosi moto. Na yupo aliyekwenda mbali zaidi akasema kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Upande wa pili tunaonywa kwamba nyumba njema si mlango, kwamba siri ya mtungi aijuaye kata, na kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu akitaka kuhukumu atapata methali ya kumsindikiza, na mtu akitaka kujizuia kadhalika atapata yake. Methali, kwa hiyo, hazitukatii shauri. Hutupa maneno ya kusemea shauri tulilokwisha kulikata.

Mimi si mwanasayansi. Shule niliiacha mapema, na kidogo nilicho nacho nimekiokota vitabuni, kwenye kamusi na redioni, na katika kazi hii ya kufasiri ambayo humlazimisha mtu kuelewa jambo kabla ya kulisema. Jibu ambalo limenituliza kuliko mengine yote sikulipata katika diwani ya mshairi yeyote. Nililipata nilipokuwa nikijaribu kuwafasiria vijana wa mtaani kwetu habari ya pepo zivumazo katika sayari ya Mshtarii. Namwomba msomaji anivumilie nimpeleke huko mbali kwanza, maana nitakaporudi nina deni la kulipa hapa hapa nyumbani.

Mshtarii tumeipokea kutoka kwa Waarabu, jina na nyota yenyewe, na kwao neno hilo lina maana pia ya mnunuzi. Ni mnunuzi mwenye mkoba mzito, kwani uzito wake ni sawa na Dunia 318, na kipenyo chake katika ikweta ni karibu kilomita 143,000. Pamoja na ukubwa huo, huzunguka juu ya mhimili wake katika muda usiotimia saa kumi. Haina ardhi ya kukanyagwa. Sehemu yake kubwa ni hidrojeni na heli, na kinachoonekana kwetu ni mawingu yaliyopangika kama mistari ya kikoi: mwanga na giza, mwanga na giza, kutoka ncha moja hadi nyingine. Katika mistari hiyo upepo huvuma kwa kasi inayoweza kupita mita 100 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 360 kwa saa. Sisi watu wa pwani tumezoea kaskazi na kusi kupokezana kwa misimu. Kimoja huondoka ndipo kingine kikaja. Kule pepo zinazopingana huvuma kwa wakati mmoja, bega kwa bega, huu ukielekea mashariki na jirani yake magharibi, na kwa muda wote ambao binadamu amekuwa akizitazama kwa darubini hazijapatana.

Basi wataalamu wakajiuliza: pepo hizi zina kina gani? Zilikuwapo kambi mbili. Kambi ya kwanza ilisema kuwa pepo hizo ni jambo la juu juu, tabaka jembamba la hali ya hewa kama la Dunia yetu, mfano wa ganda la chungwa. Kambi ya pili ilisema kwamba tunachokiona ni ncha tu za mikondo mirefu inayozama ndani kabisa. Mwaka 1976 mwanafizikia Mjerumani Friedrich Busse alieleza jinsi mikondo hiyo ingeweza kujipanga kama silinda zilizovikana, moja ndani ya nyingine, zikiufuata mhimili wa sayari. Wote hao waliitazama sayari ile ile, mistari ile ile na picha zile zile. Wote walikuwa wasomi, na wote walikuwa na hoja. Hakuna aliyesema uongo. Kilichokosekana ni kwamba picha za mawingu, hata zingeongezwa mara elfu, zisingeweza kusema neno lolote juu ya kina. Uso hauna habari ya ndani, na kuutazama zaidi hakuufanyi uwe nayo.

Hapo fikra ya kwanza imjiayo mtu ni kutoboa. Na kweli ilijaribiwa. Tarehe 7 Desemba 1995 kifaa kilichobebwa na chombo kilichoitwa Galileo kilitumbukizwa ndani ya mawingu ya Mshtarii. Kilishuka na mwavuli, kikapeleka habari kwa muda wa karibu saa moja, kisha joto na mgandamizo vikakinyamazisha. Kilikuta upepo ukizidi nguvu kadiri kilivyoteremka, kisha ukabaki na nguvu hiyo. Waliounga mkono kambi ya kina walifurahi. Lakini umbali wote kiliokwenda ulikuwa kama kilomita 150 tu, katika sayari ambayo kutoka mawinguni hadi kitovuni ni takriban kilomita 70,000. Fauka ya hayo, ilikuja kubainika kwamba pale kilipoangukia palikuwa mahali pa pekee, pakavu kuliko kawaida, penye uwazi baina ya mawingu. Ni kama mgeni aliyeteremka kisiwani kwetu siku moja ya kiangazi, akatembea hatua tatu, akarudi kwao akaandika kwamba huku mvua hainyeshi. Aliyoyaona aliyaona kweli. Kosa lingekuwa katika kuuita ushahidi wa mahali pamoja kuwa ndiyo habari ya pote, na wataalamu wale, kwa sifa yao, walisita kufanya hivyo.

Ndipo ikaja njia nyingine, ambayo kwa ufasaha wake naiweka sawa na shairi lolote nililopata kulisoma. Badala ya kuitoboa sayari, ipite karibu nayo, uone inavyokuvuta.

Kila chenye uzito huvuta. Penye uzito zaidi mvuto ni zaidi, na penye uzito pungufu mvuto hupungua. Upepo ukiwa ni ganda jembamba, uzito unaokwenda nao ni mdogo mno, na mvuto wa sayari hautabadilika kwa kadiri ya kupimika. Lakini upepo ukiwa umezama maelfu ya kilomita, basi huwa umeshika uzito mkubwa na kuupanga upya, hapa ukiulimbikiza kidogo na pale ukiupunguza. Chombo kipitacho juu ya mahali hapo kitavutwa zaidi kwa unywele mmoja, au pungufu kwa unywele mmoja. Mwanasayansi wa Marekani William Hubbard alikwisha kuonyesha kwa hesabu, kabla ya karne iliyopita kumalizika, kwamba alama ya pepo hizo ingeweza kusomwa katika mvuto. Kilichobaki kilikuwa ni kupata chombo cha kwenda kuisoma.

Chombo hicho ni Juno. Kilirushwa tarehe 5 Agosti 2011, kikafika Mshtarii Julai 2016. Jina lake ni la mungu mke katika ngano za Warumi, aliyeweza kuona kupitia mawingu ambayo mumewe alijifunika ili kuficha mambo yake. Kila kinapozunguka, Juno hushuka kutoka ncha moja ya sayari hadi nyingine na kupita kilomita elfu chache tu juu ya mawingu, kwa kasi inayozidi kilomita 200,000 kwa saa. Wakati huo kituo cha Goldstone, kule California, hukipelekea mawimbi ya redio, nacho huyarudisha. Msomaji amewahi kusikia honi ya gari linalompita njiani: likija sauti huwa nyembamba, likienda huwa nene. Mawimbi ya redio nayo hufanya vivyo hivyo. Chombo kikivutwa kidogo kikaongeza mwendo, au kikazuiwa kidogo kikaupunguza, sauti ya mawimbi yale hubadilika, na Duniani mabadiliko hayo hupimwa. Vifaa vilivyotumika vinaweza kutambua badiliko la mwendo la sehemu moja ya mia ya milimita kwa sekunde. Konokono wa kawaida huushinda mwendo huo kwa mbali. Na badiliko hilo la chini ya konokono husomwa katika chombo kinachokimbia kuliko risasi, katika mawimbi yanayochukua zaidi ya nusu saa kufika.

Ajabu ya kipimo hicho ni kubwa, lakini mimi ilinishangaza zaidi hatua iliyofuata, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Jambo lenyewe ni hili. Sayari inayozunguka kwa kasi huvimba kiunoni, hata kama ndani yake hamna upepo hata kidogo. Uvimbe huo nao hubadilisha mvuto. Basi mtu akipima mvuto wa Mshtarii akaona si wa tufe kamili, akaruka na kusema, “Tazameni, pepo hizo!”, atakuwa amesema bila haki. Mvuto ule ungekuwapo hata bila ya pepo. Wataalamu huuchambua mvuto wa sayari katika sehemu zenye namba: J2, J3, J4 na kuendelea. Zenye namba shufwa, yaani mbili, nne, sita, nane, ni sehemu za mvuto zilizo sawa kaskazini na kusini. Zenye namba witiri, tatu, tano, saba, tisa, ni zile zinazotofautisha kaskazini na kusini. Sayari ya majimaji inayozunguka kama kitu kimoja huvimba sawasawa pande zote mbili za ikweta. Kwa hiyo sehemu zake za shufwa huweza kuwa kubwa, lakini za witiri lazima ziwe sifuri.

Sasa, pepo za Mshtarii haziko sawa kaskazini na kusini. Upande wa kaskazini, kwa mfano, upo mkondo wenye kasi sana usio na mwenzake wa kiasi hicho upande wa kusini. Basi ikiwa pepo hizo zina kina, zitaacha alama katika witiri. Na alama katika witiri haiwezi kuletwa na kule kuzunguka tu. Wakaziacha, kwa muda, zile shufwa zilizo kubwa na rahisi, wakaenda kutafuta witiri zilizo ndogo. Na zilikuwa ndogo kweli kweli, kwani J3 ya Mshtarii ni ndogo kuliko J2 yake zaidi ya mara laki tatu.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Katika dalili zote zilizokuwapo, waliiacha ile iliyo kubwa, inayoonekana na kila mtu, kwa sababu ingekuwapo hata kama wanalolidhani si kweli. Wakaitafuta ile iliyo ndogo, yenye taabu, kwa sababu isingekuwapo ila kama wanalolidhani ni kweli. Sijui kama iko kanuni ya uadilifu iliyo safi kuliko hiyo.

Mwezi Machi 2018 matokeo yalitangazwa, yakitokana na mapito mawili tu ya Juno, ya Desemba 2016 na Mei 2017. Luciano Iess wa Roma na wenziwe walitoa vipimo vya mvuto. Yohai Kaspi wa Taasisi ya Weizmann na wenziwe walionyesha kwamba pepo zile huteremka hadi kina cha kilomita 3,000 hivi. Na Tristan Guillot wa Ufaransa na wenziwe walionyesha kwamba chini ya hapo sayari huzunguka karibu kama kitu kimoja. Uzito uliomo katika tabaka hilo la pepo ni kama asilimia moja ya Mshtarii yote. Asilimia moja inaonekana ndogo hadi mtu akumbuke kwamba ni sawa na Dunia tatu nzima zikipeperushwa. Kambi zote mbili, kwa hivyo, zilikosa kidogo na kupata kidogo. Upepo si ganda, wala haufiki kitovuni. Huenda kinachouzuia ni kwamba huko chini mgandamizo huifanya hidrojeni ipitishe umeme, na hapo uga wa sumaku wa sayari huishika na kuikokota ikazunguka pamoja.

Kwa Zohali, nduguye Mshtarii, kazi hiyo ilifanywa na chombo cha Cassini katika miezi yake ya mwisho, kilipopita mara 22 baina ya sayari na pete zake kabla ya kujitosa ndani yake tarehe 15 Septemba 2017. Huko pepo zilikutwa zimezama hadi kilomita 9,000 hivi. Na huko, kinyume cha Mshtarii, zilizofichua siri ni zile shufwa zenyewe, kwa kuwa baadhi yake zilitoka kubwa mno, kupita kiasi ambacho kuzunguka peke yake kungeweza kukieleza. Natoa mfano huu ili msomaji asidhani kwamba naabudu witiri. Suala si namba. Suala ni kuuliza, mbele ya kila dalili: je, hii ingeweza kuwapo hata kama ninalolidhani halipo?

Liko na jambo la tatu, nalo ni la Doa Jekundu, ile tufani kubwa ya Mshtarii, pana kuliko Dunia, ambayo kila mtoto aliyeona picha ya sayari hiyo huikumbuka. Mwaka 2019 Juno ilipita juu yake mara mbili kwa ajili ya kupima mvuto, na mwaka 2021 ikatangazwa kwamba kina chake hakizidi kilomita 500. Mistari ya kawaida inayolizunguka, ambayo jicho huipita bila kusimama, ina kina cha mara sita ya hicho. Kinachojionyesha zaidi kumbe ndicho kisichozama.

Sasa nirudi nyumbani.

Mwaka 1996 nilikuwa karani wa kikundi kidogo cha watunzi wa mashairi katika mtaa tuliokuwa tukikaa. Tulikuwa tukichangishana ili tupige chapa kijitabu cha tungo zetu. Mimi niliandika hesabu, na mwenzetu mmoja, aliyenizidi miaka kumi hivi, alitunza kisanduku cha fedha. Alikuwa mtu wa maneno machache na mtunzi bora kuliko sisi sote. Siku tulipofungua kisanduku ili tumpelekee mpiga chapa, fedha zilipungua kwa kiasi cha kuumiza. Nikaanza kukusanya dalili. Mwenzetu yule alikuwa hakuhudhuria vikao viwili. Alikuwa ameonekana na baiskeli ambayo hakuwa nayo. Alipoulizwa alikokuwa, alisema, “Nilikuwa na shughuli,” akanyamaza. Nikasimama mbele ya watu nikaisoma hesabu, mstari kwa mstari, kisha nikazitaja dalili zile, na nikamalizia kwa neno ambalo mpaka leo likinijia usiku huamka: “Hesabu haidanganyi.” Hakujibu. Aliweka ufunguo wa kisanduku juu ya mkeka, akavaa viatu vyake, akaenda zake.

Miezi minne baadaye nilikuwa nikiihamisha hesabu ile kwenye daftari jipya. Nikaona kwamba michango ya mwezi mmoja nilikuwa nimeiandika mara mbili, mwisho wa ukurasa mmoja na mwanzo wa ukurasa uliofuata. Kiasi kilichopungua kisandukuni kilikuwa ni kile kile nilichokiongeza kwa kalamu yangu. Hapakuwa na senti iliyopotea. Nikaulizia, ndipo nikaambiwa na jirani yake kwamba mama yake alikuwa amelazwa hospitali siku zile, na baiskeli aliazimwa na shemeji yake ili awe anakwenda na kurudi. Hakulisema hilo kwa sababu hakuwa mtu wa kutembeza maradhi ya mama yake barazani.

Zipime dalili zangu kwa kipimo cha Juno. Kutohudhuria kungeweza kuwapo bila ya wizi. Baiskeli ingeweza kuwapo bila ya wizi. Kimya, hasa kwa mtu aliyezaliwa na kimya, kingeweza kuwapo bila ya wizi. Hata ule upungufu wenyewe, ambao niliuona kuwa ni hoja isiyo na jibu, ungeweza kuwapo bila ya wizi maadamu uko mkono unaoandika na mkono huo unaweza kukosea. Zote zilikuwa shufwa. Nilizilundika moja juu ya moja nikadhani kwamba wingi wake unazigeuza kuwa ushahidi. Lakini dalili kumi ambazo kila moja ingeweza kuwapo bila ya kosa haziwi ushahidi wa kosa kwa kujumlishwa na mtu aliyekwisha kuamua. Na kipimo changu, yaani daftari langu, sikukipima. Wale watu wa Roma na Goldstone, kabla ya kuinyooshea kidole sayari, huondoa kwanza makosa ya vyombo vyao: hewa ya Dunia inayochelewesha mawimbi, tetemeko la antena, mvuto wa miezi ya Mshtarii. Mimi nilianza na yeye, nikaja kumalizia na mimi.

Najua yako mapingamizi mawili, na si haki kuyapita.

La kwanza ni kwamba mtu si sayari. Sayari inaweza kungoja, lakini mtoto anayepigwa nyumba ya pili hawezi, wala nahodha anayeona wingu jeusi hawezi kungoja mpaka apime. Hilo ni kweli tupu. Lakini mimi naona kwamba kuchukua hadhari ni jambo moja na kutoa hukumu ni jingine. Nahodha akishusha tanga kwa ajili ya wingu hajamdhulumu mtu. Wingu likipita bure, atalipandisha. Ningeweza kukifunga kisanduku, nikaomba hesabu irudiwe na watu wawili, nikamwendea mwenzangu nyumbani kwake usiku. Hiyo ingekuwa hadhari, na dhana inatosha kuwa sababu ya hadhari. Haitoshi kuwa sababu ya kumvunjia mtu jina. Kadiri tendo letu lisivyoweza kurudishwa nyuma, ndivyo tunavyowajibika kutafuta witiri.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Hata kipimo cha mvuto, wasema wajuzi, hakitoi jibu moja tu. Mipangilio mingi ya uzito wa ndani inaweza kutoa mvuto ule ule wa nje. Ili kupata kilomita 3,000, wataalamu hao ilibidi wakisie kwamba pepo zinazoonekana mawinguni ndizo zinazoteremka, zikiufuata mhimili na kupungua nguvu kwa utaratibu fulani. Je, wao nao hawakuhukumu ya ndani kwa ya nje? Walihukumu, naam. Lakini waliliweka kisio lao mezani, wazi, ili atakaye alibishie. Walieleza ukubwa wa shaka iliyobaki. Nao wakarudi kupima tena, mpito baada ya mpito. Mimi yangu niliyaficha hata nafsi yangu haikuyajua. Kisio langu lilikuwa kwamba mtu mkimya ana la kuficha. Lau ningelitamka kwa sauti pale barazani, nadhani ningelionea haya mwenyewe kabla hawajalicheka wengine.

Nilipogundua kosa langu nilikwenda kumtaka radhi. Nilikwenda peke yangu, jioni, na kwa ujinga wa ujana nilimpelekea ubeti:

Upepo u mawinguni, wa juu waonekana,
Kina chake ki gizani, hakuna aliyeona,
Pima kwanza kwa mizani, ndipo unene bayana,
Likitoka mdomoni, kulirudisha hapana.

Wakati ule nilikuwa sijui lolote la Mshtarii. Upepo ulikuwa ni upepo wa bahari tu. Aliusoma mlangoni, akaukunja, akanirudishia. Akasema, “Ndugu yangu, mizani imetimia na vina vimetimia. Lakini ile hesabu uliisoma barazani. Huu umeniletea mlangoni.” Kisha akanikaribisha chai, na tukanywa, na hakulitaja tena jambo lile. Alinisamehe, sina shaka. Lakini barazani hakurudi, na sikupata kusikia kuwa alitunga tena.

Nilimwelewa siku ile ile, nami sikufanya alilolisema. Niliwanong'oneza wawili watatu kwamba hesabu ilikuwa na kasoro, nikatumai habari itatembea yenyewe. Haikutembea. Neno la kumchafua mtu lina miguu, na neno la kumsafisha sharti libebwe. Kikundi kikavunjika, watu wakatawanyika, wengine wakahamia bara na wengine ng'ambo, na huko waliko bila shaka wapo wanaokumbuka mpaka leo kwamba hapo zamani palikuwa na mshairi mzuri aliyekula fedha za kijitabu.

Mwenyewe ametangulia mbele ya haki. Jina lake silitaji, kwa kuwa hakuwa mtu wa kupenda kutajwa. Waliokuwapo watamjua, na hao ndio ninaowakusudia. Fedha hazikupotea. Nilizizidisha mimi, kwa kalamu yangu, katika ukurasa wa daftari ambalo bado ninalo. Hesabu haikudanganya, aliyeiandika alikosea, na aliyeisoma kwa sauti ndiye huyu anayeandika sasa.